Pazia Ndani ya Probox

Gari la Maduhu likifunga breki lilitangaza kwamba linakata kushoto. Na dereva akitaka kukata kushoto kweli, taa za breki zote tatu zilikonyeza kwa pamoja kama zimeingiwa na vumbi. Maduhu mwenyewe hakujua lolote. Mshale wa kijani wa dashibodi ulikuwa umekufa tangu msimu wa pamba wa mwaka juzi, na mtu aliyeshika usukani hauoni mgongo wa gari lake. Ndivyo mambo yalivyo hata huko juu kwa wakubwa: anayeendesha haoni, anayeona hana usukani.

Aliyemjulisha alikuwa askari wa barabarani, binti mrefu mwenye sare nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka, aliyesimama kwenye kijisenta kimoja cha kununulia pamba kati ya Maswa na Bariadi. Saa ilikuwa inakaribia tisa alasiri. Kifuani aliandikwa Goodness, na kwa lafudhi yake ulijua hajazaliwa Usukumani.

"Shikamoo mzee. Unaelekea wapi?"

"Marahaba. Bariadi."

"Mbona umeniambia unaingia kushoto?"

"Sijakwambia kitu, afande. Ndiyo kwanza tunaonana."

"Gari lako limeniambia. Umegusa breki, indiketa ya kushoto imewaka. Na kushoto hapa ni shamba la watu. Ulitaka ukachume pamba?"

Wanawake waliokuwa wanapanga marobota barazani kwenye ghala walicheka. Maduhu alihisi masikio yanapata moto. Mtu wa miaka hamsini na tisa, mwenye shati alilolinunua jana kwa ajili ya safari hii moja, kuchekwa na wapanga marobota!

"Labda ni lile shimo la kule nyuma limeitikisa waya," alisema. "Afande, shimo kubwa vile mbona hujalikamata?"

"Shimo halina leseni, mzee. Lete yako."

Maduhu akatoa leseni. Goodness aliinama kuchungulia ndani ya gari na ndipo alipoona jambo ambalo hakuwahi kufundishwa chuoni. Nyuma ya viti vya mbele lilining'inia pazia la kitenge, zambarau yenye maua ya njano, limetandwa kutoka mlango hadi mlango kwenye fremu ya mbao. Nyuma ya pazia kuku alikohoa.

"Nyuma kuna nani?"

"Mkwe wangu. Mama wa marehemu mke wangu."

"Sasa mbona umemfunika?"

"Sijamfunika yeye. Nimejifunika mimi."

Ikasikika sauti ya kizee kutoka kule nyuma, kavu lakini yenye nguvu. "Kuku, mwambie huyo binti kwamba sisi tuna haraka."

"Mpo wangapi humo?" Goodness aliuliza.

"Mmoja," alisema Maduhu. "Na kuku."

Ilibidi mmoja wa wale wanawake wa marobota amweleze afande. Kwa Wasukuma wa rika la Maduhu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali chakula pamoja, hawaketi kiti kimoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia vichakani mpaka mwenzake apite. Si ugomvi, ni heshima. Maduhu alikuwa ameishi na mkewe Monika miaka thelathini na mmoja, na sasa mitatu tangu amzike, na katika muda huo wote alichokijua kuhusu uso wa mkwe wake, Bibi Philomena, ni kidevu. Neno likitakiwa kupita kati yao, hupitia kwa mtu wa tatu. Leo hapakuwa na mtu wa tatu, kwa hiyo bibi alimtumia jogoo mwekundu aliyemchukua kuwa zawadi ya kitukuu wake, na Maduhu alijibu kwa kuongea na usukani.

"Nimeelewa," alisema Goodness, ingawa uso wake ulisema bado. "Heshima ni nzuri. Lakini gari hili likiendelea hivi litaua mtu. Leseni nabaki nayo. Taa zikikaa sawa, unaondoka. Zisipokaa, gari linalala hapa. Bibi nitamsimamishia basi."

"Kuku," ilisema sauti, "mwambie kwamba aliyenitoa Lalago ndiye anifikishe. Nikishuka kwenye gari la mkwe katikati ya njia, safari yangu ni kurudi nyumbani kwangu."

Maduhu alifumba macho. Alijua bibi hatanii.

*

Bariadi walikuwa wanasubiriwa. Specioza, binti pekee wa Maduhu, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na siku ya kumtoa nje na kumwita jina ilikuwa leo. Wazee walikubaliana hivi: jina litatoka upande wa mama, kwa kinywa cha Bibi Philomena mwenyewe, naye angemwita mtoto Monika. Lakini jua likizama bila bibi kufika, basi mzee Mwandu, baba mkwe wa Specioza, angetoa jina la upande wake. Mtoto akishatolewa nje halali bila jina eti kwa sababu mtu kachelewa njiani.

Na kufika kwa bibi hakukuwa kitu kidogo. Tangu wazike, hakuwa amekanyaga nyumba ya Maduhu. Watu walimwambia kwamba Maduhu alichelewa kumpeleka Monika hospitali, kwamba alikaa anahesabu magunia huku mke anakata roho. Aliyashika maneno hayo. Maduhu naye angemwelezaje, na kwa mdomo upi?

Simu ikalia.

"Baba, mpo wapi?"

"Tupo karibu, mama. Kuna katatizo kadogo ka taa."

"Baba, taa za nini mchana huu? Mzee Mwandu ameshaanza kuuliza koti lake liko wapi."

"Mwambie akae. Koti la nini kwenye joto hili!"

"Anasema jina la Milembe limemkaa mdomoni tangu asubuhi."

*

Fundi umeme pekee wa senta hiyo aliitwa Januarius. Banda lake lilikuwa na betri za magari, redio zilizofunguliwa matumbo, na kibao kilichoandikwa kwa rangi ya mafuta UMEME WA AINA ZOTE. Alikuja na bisibisi nyuma ya sikio na taa ndogo ya kupimia, akalizunguka gari mara mbili bila kusema kitu, kama daktari wa wilaya.

"Hizi ni balbu," alisema.

"Una uhakika?"

"Mzee, mimi nimeanza kazi hii kabla umeme haujafika hapa."

Akaziondoa balbu mbili za nyuma, akaweka mpya. Sasa alihitaji watu wawili: mmoja wa kukanyaga breki na mmoja wa kusimama nyuma atangaze kinachowaka, kwa maana yeye mwenyewe mikono ilikuwa ndani ya taa. Wa kukanyaga alikuwa Maduhu. Wa kutazama akakosekana. Afande alikuwa na lori la ng'ombe mkononi, na wale wanawake walikuwa wanagombana na karani wa mizani, ambaye mizani yake kila mwaka ina ugonjwa wa kupungua, na kila mwaka wakubwa wanaahidi kuitibu.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Bibi Philomena akashuka na jogoo wake kwapani, akasimama nyuma ya gari, mgongo wa mkwe ukiwa mbele na bati lote la Probox katikati. Hapakuwa na mahali pa heshima kuliko hapo.

"Kanyaga!" alisema Januarius.

Maduhu akakanyaga.

"Kuku," alisema bibi, "ya njano ya kushoto imewaka. Nyekundu nazo zimewaka, ila kinyonge, kama watu wasiokula tangu jana."

"Bibi, niambie mimi, si kuku."

"Wewe nikwambie nini? Wewe una macho. Namwambia aliye mbele."

"Achia!" Maduhu akaachia. "Sasa washa indiketa ya kushoto!"

"Eee kuku wangu, zote zinacheza! Nyekundu tatu zinacheza ngoma!"

Watu wakaanza kusogea. Karani wa mizani akaacha mizani. Kila Maduhu alipokanyaga, kicheko kililipuka nyuma ya gari, naye akawa anakaza macho kwenye kioo cha mbele, jasho likimtambaa kwenye shati jipya. Alisikia mtu akisema, "Hilo gari ni la siasa, linasema kushoto linakwenda mbele." Hata yeye angecheka, kama lingekuwa gari la mwingine.

Januarius akabadilisha kidude cha kukonyezesha indiketa. Haikusaidia. Akanusa fyuzi moja moja, zote nzima. Kisha akachomoa kabisa soketi ya taa ya nyuma kushoto, akaacha waya zinaning'inia.

"Kanyaga!"

"Hii ya kwangu sasa imekufa kabisa, kuku," alisema bibi.

"Ya mbele kushoto inawaka!" alipiga kelele karani, aliyekuwa amezunguka upande wa pua.

Januarius akasimama. Kwa mara ya kwanza alitoa ile bisibisi sikioni na kujikuna nayo kichwa. "Basi nilikosea. Ugonjwa hauko kwenye taa. Uko njiani. Waya wa breki na waya wa indiketa zinatoka mbele pamoja, zinapita chini ya milango ya kushoto mpaka nyuma. Mahali fulani zimekutana ngozi kwa ngozi, zinapeana moto."

"Mahali gani?"

"Hapo ndipo kwenye kazi. Itabidi nifumue plastiki zote, ning'oe viti, ninyanyue zulia. Kesho jioni hivi tutakuwa tumepaona."

"Kesho jioni!" Maduhu alitoa kichwa dirishani. "Ndugu yangu, mimi nina jua hili moja tu."

Simu ikalia tena. Hakuipokea. Alijua koti limeshavaliwa.

*

Jogoo ndiye aliyeokoa. Alichoka kupewa habari za taa, akaanza kufurukuta, na bibi akakumbuka kwamba hajala tangu Lalago. Mahindi yalikuwa kwenye kifurushi juu ya kiti cha nyuma. Akafungua mlango wa kushoto, akaingiza goti moja, na kwa kuwa goti lile lilikuwa na miaka themanini na mbili, akashika nguzo ya ile fremu ya mbao ili asianguke, akaning'inia hapo kwa uzito wake wote.

Maduhu bado alikuwa amekanyaga breki, kwa kusahau.

"Zimepona!" alipiga kelele karani. "Njano imezimika! Fundi, umefanya nini?"

"Sijagusa kitu," alisema Januarius, mikono juu kama mtu aliyekamatwa.

Bibi akachukua mahindi, akaachia nguzo.

"Zimeugua tena!"

Januarius aliutazama mkono wa bibi, akaitazama nguzo, akautazama mkono tena. "Bibi, hebu shika hapo ulipokuwa umeshika."

Akashika. Zikapona. Akaachia. Zikaugua. Wakarudia mara ya tatu kwa ajili ya wanawake wa marobota, ambao walikuwa wamekuja wakakuta kitu kimeshafanyika. Sasa kila mtu alitaka bibi ashike. Ikawa sherehe.

Aliyekuwa hacheki ni Maduhu peke yake. Fremu ile aliitengeneza yeye jana, mchana kutwa, nyuma ya nyumba yake. Nguzo mbili na mwamba, vimepigwa randa mpaka vikateleza, kwa sababu kuning'iniza nguo kwa kamba aliona ni dharau kwa mtu mzima. Na ili fremu isiyumbe kwenye barabara ile waliyoahidiwa lami tangu Monika yuko hai, alizikaza nguzo chini ya milango kwa skrubu ndefu kuliko zote dukani. Alikumbuka jinsi skrubu ya kushoto ilivyoingia laini, kama imepita kwenye siagi. Alifurahi. Alisema, hii imekubali.

Januarius alikuwa ameshapiga magoti. "Mzee, ugonjwa tumeupata. Nang'oa hii fremu, nusu saa unaondoka."

"Fremu haitoki," alisema Maduhu.

"Haitoki vipi? Ni skrubu nne."

"Nimesema haitoki." Akashusha sauti. "Wewe ni Msukuma mwenzangu. Nikiitoa, tunaendaje? Mpaka Bariadi bado kuna mwendo. Nitamweka wapi mama wa watu, na mimi nitaweka wapi macho yangu?"

 Januarius aliinuka, akajipangusa magoti, kwa sababu alikuwa na mama mkwe naye, kule Ipililo, na alijua.

Maduhu akamwendea Goodness. "Afande, niandikie faini. Yoyote. Niandikie niende zangu."

"Faini haiwashi taa, mzee."

"Wengine wanaandikiwa wanakwenda!"

"Na wengine nawazoa barabarani." Afande hakuwa amekasirika. Alinyoosha mkono kuelekea lile lori la ng'ombe lililokuwa linasubiri kuondoka. "Hilo litakuwa nyuma yako. Wewe utafunga breki, dereva wake ataona kushoto, atajua unampisha. Atakuja na ng'ombe arobaini mgongoni kwako. Nani amekaa nyuma, wewe au bibi?"

 Maduhu alisimama katikati ya barabara, akalitazama lile lori. Alikuwa amemjengea bibi heshima, akaikaza kwa skrubu, na heshima hiyo hiyo ilikuwa inamsogezea lori.

*

Bibi Philomena alikuwa amesikia yote. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mlango wa nyuma, akimrushia jogoo mahindi punje moja moja. Aliposema, hakupaza sauti, lakini watu walisogea wamsikie.

"Kuku, nataka nikuulize. Hiki kitenge kilichotundikwa hapa, umekitambua?"

Jogoo akadonoa.

"Mimi nilikitambua tangu Lalago. Ni cha mwanangu. Nilikinunua mimi, kwenye mnada, alipomzaa Specioza. Nimekaa nyuma yake njia nzima nakinusa. Bado kuna harufu ya mafuta yake. Huyu mtu angeweza kununua pazia dukani. Angeweza kuning'iniza shuka. Akaenda kwenye sanduku la mke wake, akachagua hiki."

Maduhu aliuangalia mlango wa mbele wa gari, akaung'ang'ania kwa macho.

"Miaka thelathini na minne, kuku, ananikwepa kwa heshima. Na mimi nimemkwepa. Ni vizuri, hata mama yangu alifanya hivyo. Lakini siku ya msiba mimi nililia ndani, yeye akalia nyuma ya zizi, na watu wakapita katikati yetu wakiniletea maneno. Nikayapokea. Ningemuuliza nani?" Akajipangusa mikono. "Fundi!"

"Naam, mayu," aliitika Januarius, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Ng'oa."

"Lakini mayu, pazia..."

"Pazia nitalivaa mimi."

Akanyanyuka, akakivuta kile kitenge kutoka kwenye mwamba, akakikung'uta vumbi la njia, akajitanda kichwani na kukivuta mbele mpaka kikamfunika hadi puani. Aligeuka huku na kule kuwaonyesha. Mwanamke mmoja wa marobota alipiga kigelegele kabla hajajua anapiga cha nini, na wenzake wakampokea.

Januarius alifungua skrubu nne. Ile ya kushoto ilipotoka aliinyanyua juu watu waione. "Wazee wangu! Hii si skrubu, huu ni mkuki. Mzee, ulikuwa unajenga ghala?" Alibandua plastiki ya chini ya mlango, na pale palikuwa na tita la waya, na katikati yake tundu. Waya mbili zilikuwa zimechunwa ganda, shaba zao zimelaliana kama ndugu. Alizitenganisha kwa kucha, akazizungushia tepu nyeusi kila moja kivyake, halafu tena kwa pamoja, akarudisha soketi ya nyuma mahali pake.

"Kanyaga, mzee!"

Maduhu akakanyaga.

 Bibi alikuwa amerudi nyuma ya gari, kitenge mpaka puani, anatazama kwa chini ya ukingo wa maua ya njano. Alichukua muda wake.

"Kuku," alisema. "Nyekundu ya kulia. Nyekundu ya kushoto. Nyekundu ya juu. Na njano imelala usingizi!"

"Indiketa ya kushoto!"

"Njano inacheza peke yake! Nyekundu zimetulia kama mabibi kanisani!"

Senta nzima ikalipuka. Karani alimkumbatia Januarius, wanawake walipiga vigelegele, dereva wa lori la ng'ombe akapiga honi ndefu ng'ombe wakaitikia. Goodness alikuja mwenyewe, akamwamuru Maduhu akanyage mara tatu, akaridhika, akamrudishia leseni kwa mikono miwili.

"Mtoto anaitwa nani?" aliuliza.

"Bado," alisema Maduhu. "Mwenye jina yuko huko nyuma."

"Basi kimbieni. Kimbieni kwa mwendo wa kibao lakini!"

Januarius alipokea pesa ya tepu na ya kazi, akakataa ya balbu. "Zile nilizipachika kwa kiburi changu," alisema. "Za kwako hizi hapa, ziko nzima. Ila fremu niachie. Mbao nzuri sana. Nina mkwe Ipililo."

*

Maduhu alikigeuza kioo cha ndani kikatazama dari. Akaondoka pole pole, lori la ng'ombe likija nyuma kwa adabu. Kila alipogusa breki lori nalo lilipunguza, na kitu kidogo kilimfungukia kifuani.

Walipita mashamba yaliyovunwa, wakapita mnada uliokuwa unafungwa.  Kisha Maduhu akaushika usukani kwa mikono miwili.

"Usukani," alisema, akakohoa. "Usukani, wewe ulikuwepo? Hukuwepo. Gari hili nililinunua baada ya msiba, ili yasitokee tena. Siku ile nilipiga simu saa moja asubuhi. Wakasema gari la wagonjwa linakuja. Saa tatu nikapiga, wakasema liko njiani. Saa tano akapokea mwingine, akasema gari limempeleka mkubwa mmoja kwenye semina. Nikambeba kwenye tela la trekta, juu ya marobota. Nilikuwa nimemshika kichwa. Magunia sikuyahesabu. Sikumbuki hata kama yalikuwepo."

Injini ilinguruma. Nyuma, jogoo alijikung'uta mbawa.

"Kuku," alisema Bibi Philomena, "umesikia?"

Daraja likapita. Miti ikapita.

"Kuku anasema amesikia. Anasema aliambiwa vingine." Kitenge kilisikika kikipangusa kitu. "Anasema pole. Anasema pole sana, na kwamba hiyo ilikuwa njaa ya wakubwa, si uzembe wa mtu."

Maduhu aliendesha huku barabara imeota ukungu ambao haukuwa wa nje.

"Na kuku anasema," sauti iliongeza, "futa macho uangalie mbele. Hatukutengeneza taa za nyuma ili utugonge na za mbele."

Hapo Maduhu akacheka. Kikamtoka kicheko kikubwa cha ovyo, cha mtu ambaye amekiweka miaka mitatu, na nyuma ya gari, chini ya kitenge, kikajibiwa.

*

Walipofika, jua lilikuwa limebakiza upana wa kiganja juu ya mabati ya jirani. Uani palijaa watu. Mzee Mwandu alikuwa ameshasimama katikati na koti lake la sufu, jasho linamchuruzika, ameshapokea mtoto, ameshasafisha koo mara mbili. Specioza alikuwa pembeni na machozi tayari. Maduhu alifunga breki mpaka vumbi likaruka.

"Mwadila!" Bibi Philomena alisalimia kabla mlango haujafunguka vizuri. "Mwadila bose! Mwandu, funga mdomo wako!"

"Mayu, nilikuwa napiga mwayo tu!" alijitetea Mwandu, na uani watu wakavunjika mbavu.

Mwandu akamkabidhi bibi mtoto. Bibi alikivua kile kitenge kichwani, akamvingirisha nacho mtoto, zambarau na maua ya njano, akamnyanyua kuelekea mwanga uliobaki. Maduhu alikuwa amejibanza nyuma ya gari, kwenye taa, na mgongo wake kwa watu.

"Wewe ni Monika," alisema bibi. "Umerudi kwa gari la babu yako. Taa zote zinawaka."

Mtoto akapiga ukelele, na vigelegele vikamfunika. Mzee Mwandu alivua koti, akalirusha juu, akaanza kucheza. "Milembe atakuwa wa pili!" alipiga kelele. "Specioza, umesikia? Wa pili ni wangu!" Specioza alicheka huku analia. Wali ulitoka, nyama ikatoka, na jogoo, aliyeokoa siku, Specioza akaapa mbele ya wote kwamba hataingia chunguni mpaka afe kwa uzee.

*

Bibi alikaa siku nne, siku tatu zaidi ya alizoahidi. Asubuhi ya tano Maduhu aliiwasha Probox kumrudisha Lalago. Kioo alikigeuza juu, kama kawaida. Bibi akaingia nyuma, akajitanda kanga yake, mlango ukafungwa.

Walikuwa wametoka nje ya mji aliposikia bibi anapapasa kiti, kisha anapapasa sakafuni, kisha anatulia.

"Eee," alisema bibi. "Kuku tumemwacha Bariadi."

Maduhu alikaza usukani. Sasa maneno ya bibi yangepita kwa nani?

Gari likaendelea mpaka karibu na kijijini kwa Maduhu. Mbele kulikuwa na njia panda, na kushoto kwake njia ya vumbi inayokwenda makaburini, alikolazwa Monika. Bibi Philomena alikohoa kidogo, kama mtu anayejaribu mlango uliofungwa muda mrefu.

"Nkwilima," alisema, akimwita mkwe wake kwa mara ya kwanza bila kupitia kwa mtu. "Kata hapo kushoto. Nikamsalimie kwanza."

"Sawa, mayu," alisema Maduhu.

Akawasha indiketa.